Kijiti Kimoja na Damu ya Gadi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hadubini wala sikuvaa koti jeupe. Nilipewa karai, brashi nyembamba, sabuni ya unga na tyubu za kioo zisizohesabika, nikaambiwa nioshe. Nilikuwa nimepiga pasi sketi mara mbili, cheti changu cha sayansi nimekikunja vizuri kwenye mkoba, nikidhani nitapokewa kama mtaalamu. Wapi! Ilipofika saa nane mchana vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kwa maji, na koti jeupe nililiona kwa wenzangu tu.

Saa nane hiyo alikuja Mkuu wa Maabara, mtu mrefu aliyefunga miwani yake kwa uzi wa viatu. Alichukua tyubu moja kati ya zile nilizoziona safi, akaiinua dirishani, akanirudishia.

"Hii bado ina mtu ndani," alisema.

"Mtu, Mkuu?"

"Damu ya jana. Ukiiacha humo, kesho itasema uongo juu ya mnyama mwingine. Rudia."

Nikarudia. Zote. Aliporudi jioni hakunisifu, alinipa tu kiberiti kilichojaa vijiti vyembamba vilivyochongwa kwa mwanzi. Akaniambia kwamba hicho ndicho chombo changu cha kwanza cha kazi. Damu ikitiwa kwenye tyubu kavu na kuachwa, huganda, na juu yake hujitenga maji ya manjano tuyaitayo seramu. Kabla ya kuizungusha kwenye mashine, unaingiza kijiti na kuzungusha taratibu kandokando ya kioo ili bonge la damu liachane na ukuta. "Kijiti kitakuambia kama damu imeganda," alisema. "Macho yako usiyaamini hata siku moja. Kila tyubu, kijiti. Umesikia, Bi Nekesa?" Nilisikia. Ningekuwa nimesikia vizuri zaidi, nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Ilikuwa miaka ya sabini, na maabara yetu ya mifugo ilikuwa upande wa magharibi wa Nairobi, kwenye miti na baridi. Ng'ombe ndio waliokuwa na heshima pale. Idara ya ng'ombe ilikuwa na jengo zima, na sisi wa mbwa tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma karibu na stoo ya majani. Wenzetu walituita "watu wa mbwa", nasi tukawaita "watu wa kinyesi", tukawa tumelipana. Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mume wangu alikuwa karani wa reli, tulikaa mtaa wa Kaloleni, na mama mkwe alipokuja kutoka Bungoma akauliza mkaza mwana anafanya kazi gani, alishika kichwa. "Umesoma miaka yote hiyo ili upime damu ya mbwa? Mbwa amelalamika?"

Nilikaa kwenye karai miezi kadhaa, kisha nikapandishwa kwenye meza ya vioo. Huko nilijifunza kutandaza tone la damu kwenye kioo liwe jembamba, kulipaka rangi ya zambarau, kisha kukaa na hadubini hadi shingo inaniuma, nikitafuta vijidudu vya homa ya kupe. Kuna aina ya homa hiyo ambayo kijidudu chake hujificha ndani ya seli nyeupe za damu kama kishada kidogo cha mbegu. Mbwa akiwa mgonjwa wa siku chache unaweza kukiona. Akiwa mgonjwa wa miezi, unaweza kutazama vioo hadi macho yatoe machozi na usikione hata kimoja, ilhali mbwa anakwisha mbele yako.

Ndiyo maana Mkuu alipenda protini. Katika miaka ya themanini mwanzoni alinihamishia kwenye meza hiyo, na niseme wazi, niliipenda kuliko kazi nyingine yoyote. Unachukua utepe mweupe kama karatasi laini, unaulowesha kwenye maji ya chumvi, unauwekea mstari mwembamba wa seramu, kisha unapitisha umeme. Protini za damu zinaanza kukimbia, kila moja kwa mbio zake. Albumini, iliyo nyingi na nyepesi, inatangulia. Globulini zinafuata kwa makundi, na mwisho kabisa zinabaki gama, zile ambazo mwili hutengeneza kupigana na maradhi. Unautia utepe rangi nyekundu, unauosha, na hapo mbio zote unaziona zimesimama kwa mistari. Tulikuwa na mashine iliyousoma na kuuchora uwe milima na mabonde.

Kwa mbwa mzima, mlima wa albumini ni mrefu, wa gama ni kichuguu tu. Kwa mbwa aliyeugua homa ya kupe kwa muda mrefu, albumini hushuka na gama huvimba kuwa kilima kipana, kwa sababu mwili umetengeneza askari wa kila aina kwa wakati mmoja. Lakini ikitokea badala ya kilima kipana umeona ncha moja nyembamba, imechongoka peke yake, basi uwe na wasiwasi. Mara nyingi hiyo ni saratani ya uboho wa mifupa, seli ya aina moja iliyochanganyikiwa ikitema protini ya aina moja bila kukoma. "Kilima ni dawa," Mkuu alizoea kutuambia. "Ncha ni sindano." Sindano gani, hakuna aliyeuliza.

Siku moja aliniita. "Bi Nekesa, unakaa wapi?"

"Kaloleni, Mkuu."

"Huko kuna mbwa?"

"Wapo, Mkuu. Wengi kuliko watu wanavyokubali."

Alicheka, jambo la nadra. Tepe zetu zote zilitoka kwa mbwa wa mitaa ya matajiri, mbwa wanaooshwa kwa dawa ya kupe kila wiki. Alitaka kujua damu ya mbwa wa Eastlands, mitaa yetu ya wafanyakazi, inasemaje. Jumamosi fulani kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye jumba la mikutano la Kaloleni. Mimi ningekuwa pembeni na meza yangu nikichukua damu ya kila mbwa ambaye mwenyewe ataridhia. Daktari wa Kliniki, kijana msomi mwenye mikono laini, angekuwa na mimi.

Watu walikuja, wee! Mbwa wamefungwa kwa kamba za katani, kwa mishipi, kwa tai kuukuu za ofisini. Majirani walioniona kila siku nikinunua sukuma wiki walinitazama na koti langu jeupe wakasema, "Kumbe Nekesa ni daktari!" Nami sikuwasahihisha haraka sana.

Katika foleni hiyo ndimo alimokuwa Mzee Barasa. Alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mgane wa miaka mingi. Alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya reli, na kelele za nyundo juu ya chuma zilikuwa zimemaliza masikio yake kabla hajastaafu. Kiziwi kabisa. Kwa hiyo yeye alizungumza kwa sauti ambayo mtaa mzima ulishiriki mazungumzo yake, na kumjibu ilibidi umpigie kelele vilevile huku akitazama mdomo wako.

Mbwa wake aliitwa Gadi, kama yule gadi wa treni, kwa sababu alikuwa na kazi. Mtu akibisha mlango, Gadi alienda kumgusa Mzee goti kwa pua na kutazama mlangoni. Birika likichemka, alimgusa goti na kutazama jikoni. Hakuna aliyemfundisha. Mzee alisema mkewe alipofariki, mbwa aliona kiti kimebaki wazi akakishika.

"Binti!" Mzee alinipigia kelele pale jumbani. "Huyu anatoka damu puani! Hali chakula! Amekonda, tazama!"

Nilitazama. Mbavu zilihesabika, fizi zimepauka, na ndani ya masikio kupe walikuwa wameshonana. Nilichukua damu yake mguu wa mbele, naye hakutikisika, alinilamba tu mkono kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kupozwa.

Sasa nisimulie kosa langu, na nitalisimulia polepole kwa sababu vijana wa leo mnapata tyubu zenu kiwandani na vifuniko vya rangi. Sisi tulizitengeneza wenyewe. Kwa tyubu za seramu tuliacha kioo kitupu. Kwa tyubu za damu isiyotakiwa kuganda, ile ya kuhesabia seli, tulitia tone la chumvi maalumu na kulikausha kwenye oveni, likabaki kama vumbi jeupe chini ambalo huwezi kuliona usipotafuta. Desturi ilikuwa moja: tyubu ikitoka tu kwenye oveni, kabla hujaiweka chini, unaifunga plasta shingoni. Ijumaa ile nilizitoa kwenye oveni saa nne kamili. Kengele ya chai ikalia, na siku hiyo kulikuwa na mandazi. Nikaziweka mezani, nikaenda. Niliporudi nikafunga plasta zile nilizoziona. Moja ilikuwa imeviringika hadi kwenye rafu ya tyubu tupu, na ndiyo niliyoitia damu ya Gadi.

Hata hapo bado kijiti kingeniokoa. Lakini Jumatatu nilikuwa na rundo la damu, msaidizi wangu yuko likizo, na Mkuu anataka tepe kufikia jioni. Nikaziweka tyubu zote kwenye mashine bila kuzigusa kwa kijiti. Zikizungushwa, damu iliyoganda na isiyoganda zinafanana: nyekundu chini, manjano juu. Nikafyonza ya manjano nikaendelea.

Damu isiyoganda ina protini moja zaidi ndani ya maji yake, ile inayofanya kazi ya kugandisha. Ikiganda, protini hiyo inaishia ndani ya bonge. Isipoganda, inabaki, na kwenye utepe inasimama kwa mstari mwembamba uliokolea kabla tu ya gama. Kwenye mchoro inatoka kama ncha.

Daktari wa Kliniki aliutazama mchoro wa Gadi akapiga mluzi wa huzuni. Kwenye vioo hatukuwa tumeona kijidudu chochote. Mbwa amekonda, anatoka damu, na hapa kuna ncha. "Saratani," alisema. "Tusimtese." Mkuu alikuwa mkutanoni siku hiyo. Daktari akaandika barua fupi kwamba mbwa adungwe sindano ya kumlaza milele, na kwa kuwa mimi ni jirani, nikaibeba mimi.

Mzee alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili, akaikunja. Aliuliza, "Lini?"

Nilimwonyesha kwa vidole na mdomo: Alhamisi, saa kumi.

"Aje hapa nyumbani," alisema. "Jumbani kuna watu wengi. Gadi hapendi."

Kesho yake jioni nilipita kwake na mboga nikakuta anafunga uzi wa katani kutoka kwenye komeo la mlango, ukipita juu ya misumari ukutani hadi kwenye mkono wa kiti chake. Aliniona nautazama. Akauvuta kidogo, akatabasamu kwa aibu. "Mtu akifungua, nitahisi mkononi," alisema. "Lazima nijizoeze." Gadi alikuwa amelala chini ya kiti akiufuatilia uzi ule kwa macho. Nilienda nyumbani nikalia jikoni, na bado sikujua nalilia nini hasa.

Alhamisi mchana, karibu saa nane na nusu, nilikuwa nakosha tyubu za wiki. Ukiimimina tyubu ya seramu iliyotumika, bonge hutoka zima na kuanguka kwenye sinki kama kipande cha ini. Niliinamisha ya kwanza, bonge. Ya pili, bonge. Ya tatu ilimiminika. Ilitiririka kama chai, yote, haikuacha kitu. Niligeuza tyubu nikasoma karatasi iliyobandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Gadi, Kaloleni.

Nilikimbia na ile tyubu mkononi, povu la sabuni hadi viwikoni, nikaingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha. Alikuwa anakula githeri, mahindi na maharagwe yake, kwenye bakuli la bati. Nikamwambia. Aliichukua tyubu, akayakagua matone yaliyobaki, akatazama chini kwenye kioo.

"Kijiti?"

"Sikutumia, Mkuu."

"Mbwa yuko wapi?"

"Kaloleni. Daktari ameshatoka kwenda kliniki yake ya mjini, atafika huko saa kumi."

Aliacha githeri, akachukua ufunguo wa Land Rover na mkoba wa kuchukulia damu. Tulipita katikati ya mji, tukashika Jogoo Road, mimi nikiwa nimekodolea macho saa yake ya mkononi. Tulipokaribia ndipo aliposema, akitazama mbele, "Nilipofanya kosa langu mimi, ng'ombe alikuwa ameshachinjwa." Baada ya hapo akasema jingine: "Usimwambie kwamba mbwa atapona. Hilo hatulijui. Mwambie unachokijua."

"Nilidhani utamwambia wewe, Mkuu."

"Hapana. Mimi nitasimama nyuma yako."

Tulifika saa tisa na nusu. Nilibisha mlango kwa ngumi mbili, nikasahau kabisa ninambishia nani. Nikatazama dirishani. Mzee alikuwa kwenye kiti, mgongo kwetu, blanketi magotini, na Gadi amelala juu ya miguu yake. Nikakumbuka uzi. Nilishika komeo, lakini kabla sijalivuta, nilimwona Gadi akiinua kichwa. Alijivuta. Miguu ya nyuma ilikuwa haina nguvu, akaanguka, akainuka tena, akaweka pua kwenye goti la Mzee na kutazama mlangoni. Mpaka leo sijaona mtu mwenye moyo wa kazi kama yule mbwa.

Mzee alifungua. Alituona wawili, akaona mkoba, uso ukamshuka. "Mmewahi," alisema. "Mlisema saa kumi."

Nilitoa karatasi na kalamu ili nimwandikie. Aliisukuma pembeni. "Sina miwani, nimeivunja asubuhi. Sema!"

Basi fikirieni. Kumkiria mtu kosa kwa kawaida ni jambo la kunong'ona, la mlango kufungwa. Mimi ilibidi nisimame kizingitini Kaloleni, saa ambayo akina mama wote wako nje wakichambua mboga, na nipige kelele.

"Nilikosea mimi!" nilipaza. "Nilitia damu ya Gadi kwenye tyubu isiyo yake! Ile barua si ya kweli! Hatujui bado anaumwa nini, lakini hadungwi leo!"

Mzee alinikazia macho. "Rudia!"

Nilisikia milango ikifunguka. Mama Achieng wa nyumba ya pili alikuwa ameshasimama uani na mwiko mkononi.

"Nilikosea mimi! Si huyu Mkuu, si daktari, ni mimi! Gadi hadungwi leo!"

"Rudia!" alinguruma Mzee, na sauti yake ilitikisa bati.

Sasa watoto walikuwa wamejaa njiani. Machozi yalikuwa yananitiririka, nikapiga kelele mara ya tatu, na sauti ikanikatika katikati: "Nilikosea, Mzee! Gadi hadungwi!"

"Ala!" alisema Mama Achieng, akiwaambia waliochelewa. "Walitaka kumuua mbwa wa watu bure!"

Mzee alirudi ndani akapiga magoti chini, akamshika Gadi uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Nilijua amenifanya nirudie ili nionje uchungu wangu mbele ya watu, na nikaona ni haki yake. Daktari alipofika na sindano, Mkuu alimkuta mlangoni akamweleza kwa maneno machache, na kijana wa watu akakaa kwenye ngazi akajifuta jasho.

Nilichukua damu upya hapohapo. Tyubu niliichunguza mwangani mara tatu. Tulisubiri pale kwa Mzee, tukanywa chai yake, damu ikaganda. Nikatoa kijiti. Bonge liliachana na kioo zima, na Mkuu akatikisa kichwa kuridhika.

Kesho yake utepe ulitoka bila ncha. Albumini ilikuwa chini, na gama ilikuwa kilima kipana kama mgongo wa ng'ombe, homa ya kupe ya miezi. Mkuu mwenyewe alikaa na kioo siku nzima, akitumia ule utando mwembamba wa seli nyeupe unaokaa juu ya seli nyekundu, na jioni akaniita nitazame. Kishada kimoja, ndani ya seli moja. Sikuwahi kumfurahia mdudu hivyo.

Dawa ilikuwa vidonge mara tatu kwa siku kwa wiki nyingi. Nilihofia Mzee atasahau saa. Nilimpa saa yangu ya mezani yenye kengele, kisha nikajicheka: kiziwi na kengele! Lakini ilifanya kazi. Kengele ililia, Gadi akamgusa Mzee goti, akatazama saa. Mbwa alijiitia dawa yake mwenyewe. Kupe niliwatoa mimi, jioni baada ya jioni, nikiwadondosha kwenye kopo la mafuta ya taa.

Kila mwezi nilirudi na tyubu, na kila mwezi nilimletea Mzee mchoro na kuubandika kwenye daftari. Aliusoma kama mtu wa reli. "Hiki kilima kinashuka!" alipaza, akikipima kwa kidole. "Na huu mlima wa mbele unapanda!" Kilima cha gama hushuka polepole sana, kinaweza kubaki hata baada ya mbwa kunenepa na kubweka, lakini kilishuka. Gadi aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwa uzee tu, chini ya kiti kilekile.

Mimi je? Mtaa uliniita "Nilikosea Mimi". Watoto walinifuata nayo hadi kituoni. "Nilikosea Mimi, niaje!" Mume wangu alicheka hadi nikamnunia wiki nzima. Nilivumilia, ila kila nilipomsalimu Mzee moyo ulinipiga, kwa maana niliamini alinivumilia kwa ajili ya mbwa tu, moyoni hakuwa amenisamehe. Zile "Rudia!" mbili zilinikaa masikioni kwa miaka.

Mkuu alistaafu, akaja Mkuu wa pili aliyependa mafaili, kisha wa tatu aliyependa mikutano. Nilihamishiwa maabara ya mkoa upande wa magharibi, nikarudi, nikawa Msimamizi wa Meza ya Protini hadi nami nikastaafu. Kila kijana aliyeletwa kwangu nilimpa karai siku ya kwanza, na jioni kiberiti cha vijiti. Wengine walinichukia. Sasa nakaa mtaa wa Lucky Summer, vitukuu vya majirani vinaniita shosh, na mbwa wa ploti nzima wananijua kwa sababu siwezi kumpita mbwa bila kumchungulia masikio. Siwahusudu sana wenye mashine mpya. Nawaonea wivu kidogo tu kwa zile tyubu zenye rangi.

Lakini kuna siku moja nimeiacha nyuma makusudi. Ni ile ambayo Mzee Barasa alikuwa anahama Kaloleni kurudi kwao, mwanawe amekuja kumchukua. Gadi alikuwa ameshakufa. Nilienda kumsaidia kufunga vyombo, nikakuta lile daftari la michoro liko juu kabisa kwenye sanduku. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama mbele yake nikapaza sauti, "Mzee! Siku ile ulinifanya nirudie mara mbili! Najua ulikuwa na hasira! Nisamehe!"

Alinitazama kana kwamba nimesema Kichina.

"Hasira?" alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea chini, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Binti, mara ya kwanza nilikuelewa. Mdomo wako niliusoma wote. Zile mbili nilitaka tu kuiona tena ile habari."

Mwanawe aliita kutoka nje kwamba gari liko tayari. Mzee, bila shaka, hakusikia. Mimi nilisikia, lakini nilimshika mkono nikamzuia.

"Rudia, Mzee," nilimwambia.

Akarudia.